Tiketi zimekatwa, na mama ni mjamzito

Sisi wa Vigwaza tumezoea kutazama safari za wengine. Barabara ya Morogoro imetupitia katikati, malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni kwenye mizani usiku na mchana, na madereva huingia msikitini kwetu wakiomba maji ya udhu. Safari yetu wenyewe, ile ya kwenda kuizuru Nyumba Tukufu, kwa wengi wetu huja mara moja katika umri, baada ya miaka mingi ya kudunduliza. Kwa hiyo inapotokea sababu ya kuisogeza, moyo huumia kabla akili haijapata nafasi ya kufikiri.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, ndugu mmoja wa jamaa yetu alibaki barazani pamoja na mkewe. Wametupa idhini kuyaeleza yao, kwa sharti la kuwasitiri majina. Mume ana duka la vifaa vya magari, mke anashona madira. Walikuwa wameweka akiba miaka sita kwa ajili ya Umra ya mwezi wa Rajabu, siku 14, wakiwa na kikundi cha watu wa mkoa wetu. Zilikuwa zimebaki siku 12 kuondoka. Tuliwaamkia, wakaitikia, kisha kimya kirefu. Mwishowe mama akasema, akiwa ameinamisha kichwa: “Ustadh, mwanangu, sisi tuna jambo la aibu.”

Jambo lenyewe lilikuwa mimba. Mama ana miaka 42, mtoto wake wa mwisho yuko darasa la sita, na hedhi ilipokatika alidhani ni umri umefika. Alipokwenda kliniki kwa kizunguzungu akaambiwa ni wiki ya 20. Presha yake haikuwa nzuri, na muuguzi akamshauri asisafiri mbali. Hayo yalikuwa yamepita wiki saba nyuma. Wiki saba walikaa na habari hiyo ndani ya chumba chao, hawakumwambia mtu.

Sababu za kunyamaza zilikuwa mbili. Ya kwanza kila nyumba ya Pwani inaijua: mimba haitangazwi, macho ya watu si mema. Ya pili ndiyo iliyomwinamisha kichwa. Binti yao mkubwa, aliyeolewa Mlandizi, naye alikuwa na mimba, tena imeizidi ya mamaye kwa mwezi mmoja tu. Mama na binti kubeba pamoja! Majirani wangesema nini?

Tulimwambia mama jambo ambalo tungependa kila mama alisikie: hakuna aibu katika tumbo la halali ndani ya ndoa ya halali. Aibu hiyo tumejitengenezea wenyewe barazani, na hakuna kitabu cha fiqhi kinachoijua. Ama kusitiri neema kwa kuogopa husuda, hilo lina asili. Nabii Yaaqub (a.s.) alimkataza mwanawe Yusuf asiwasimulie nduguze ndoto yake. Lakini Yusuf mwenyewe alimweleza baba yake. Kusitiri ni kuchagua wa kumwamini. Na kiongozi wa msafara, aliyekabidhiwa pasi yako na fedha yako ya miaka sita, ana haki ya kuwa mmoja wa hao.

Hapa tueleze jinsi tiketi hizi zinavyokwenda, maana wengi hulipa bila kuuliza. Msafara hununua viti kwa pamoja, kwa nauli ya kikundi. Kabla tiketi hazijatolewa, majina kwa kawaida huweza kubadilishwa: fulani akitoka, fulani aliyekuwa akingojea huingia mahali pake, na aliyetoka hurudishiwa sehemu kubwa ya fedha yake. Tiketi ikishatolewa kwa jina lako, haihamishiki kwa mtu mwingine, hata awe pacha wako. Linalobaki ni kusogeza tarehe, na huko kuna ada ya mabadiliko na tofauti ya nauli, yaani ukihamia siku ambazo nauli yake ni kubwa zaidi unaongeza kilichopungua. Kibaya kuliko vyote ni kunyamaza hadi ndege ikaondoka bila wewe. Asiyetokea uwanjani bila taarifa huweza kuhesabiwa faini juu ya ada, na tiketi nyingine hufa palepale. Viza ya Umra nayo ni ya mtu na pasi yake, hairithiwi.

Kwa ndugu zetu hawa tiketi zilikuwa zimetolewa siku tisa kabla hawajaja kwetu. Kulikuwa na watu wawili waliokuwa wakingojea nafasi katika msafara uleule, wakakata tamaa, wakajiunga na kikundi kingine. Laiti neno moja lingesemwa katika wiki ile ya kwanza, viti viwili vingepata wenyewe na akiba ingerudi karibu yote. Wiki saba za aibu ziligharimu viza mbili, sehemu ya malipo ya hoteli ya Makka, na ada. Hatusemi haya kuwalaumu. Nasi kamati tulijilaumu, kwani tulikuwa tumewaandikisha mahujaji na wenye kwenda Umra miaka yote bila kumwuliza mwanamke yeyote, kwa faragha na kwa heshima, kama ana udhuru wa kiafya.

Lakini usiku ule swali lao la kwanza halikuwa la fedha. Mume aliuliza: “Je, hatuwezi kwenda tu? Si Bi Asmaa alikwenda?”

Ni swali zuri, na wanawake wengi hulitaja. Bi Asmaa bint Umays (r.a.), mke wa Sayyidna Abubakar (r.a.), alitoka Madina mwaka wa 10 Hijria kwenda Hija ya Kuaga akiwa na mimba ya siku zake, na akajifungua Dhul-Hulayfa, mtoto akaitwa Muhammad. Alituma kumwuliza Mtume (s.a.w.) afanyeje. Akaamrishwa aoge, ajifunge kitambaa, kisha ahirimie. Wanazuoni wamechukua hapo kwamba damu ya uzazi haimzuii mwanamke kuhirimia, na kwamba atafanya yote yafanywayo na mahujaji ila kutufu, mpaka atwahirike.

Hata hivyo tuitazame safari yenyewe. Dhul-Hulayfa, ambayo leo huitwa Abyar Ali, iko pembezoni mwa Madina. Bi Asmaa alijifungulia karibu na mji wake, katika msafara uliokuwa umepiga kambi, akiwa na mumewe na wanawake wenziwe. Ngamia anaweza kupigishwa magoti. Ndege iliyo juu ya Bahari ya Shamu haisimami. Hadithi ile inatufunza hukumu ya aliyejifungua njiani, na kuigeuza amri ya kumtoa nyumbani mwanamke ambaye mganga wake amemkataza ni kuibebesha isichobeba.

Mashirika ya ndege nayo yana hesabu zao, na ni vizuri zijulikane kabla ya kulipa. Mengi humruhusu mjamzito asiye na tatizo bila karatasi yoyote hadi wiki ya 28 hivi. Baada ya hapo hutaka barua ya daktari, iliyoandikwa siku chache kabla ya safari, ikitaja wiki za mimba, tarehe ya kutazamia kujifungua, kama ni mtoto mmoja au mapacha, na kwamba mama anafaa kusafiri. Yakifika majuma 36 kwa mtoto mmoja, au 32 kwa mapacha, kwa kawaida hupandishwi tena. Wiki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na zinaangaliwa katika kila ndege, ya kwenda na ya kurudi. Hapo ndipo watu huponzwa. Mama wa wiki 34 anaweza kuondoka Dar es Salaam salama na barua yake mkononi, akazuiwa Jidda siku ya kurudi kwa kuwa amefika 36, viza inaisha na fedha ya hoteli imekwisha.

Mama yetu angeondoka akiwa na wiki 29 na kurudi akiwa na 31. Kwa hesabu ya ndege, njia ilikuwa wazi akipata barua. Kilichomzuia ni presha, ambayo baada ya nusu ya mimba ndiyo mlango wa kifafa cha mimba, na daktari wa pili naye alikataa kuandika barua. Tunamshukuru kwa kukataa kwake. Tumewahi kusikia watu wakitafuta barua ya kununua, au mama akivaa abaya pana ili kaunta isione tumbo. Mtu anayekwenda kuomba maghfira asianze safari kwa udanganyifu unaohatarisha roho mbili.

Mzigo uliomlemea mume ulikuwa dhambi: je, kuahirisha si kupuuza faradhi? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku Pwani, Hija na Umra ni wajibu mara moja katika umri kwa mwenye uwezo, na wajibu huo una nafasi, mradi mtu awe na azma ya kutekeleza. Miongoni mwa hoja zao ni kwamba Makka ilifunguliwa mwaka wa 8 Hijria, na Mtume (s.a.w.) hakuhiji ila mwaka wa 10. Zipo madhehebu zinazotaka haraka, lakini hata huko haraka ni kwa mwenye uwezo, na afya ya mwili na usalama wa njia ni katika uwezo uliotajwa katika Sura ya Aal Imran. Na lau angekuwa ameshahirimia ndipo akazidiwa, bado pana faraja: Bi Dhubaa bint Zubayr (r.a.) alipotaka kuhiji naye ni mgonjwa, Mtume (s.a.w.) alimfundisha kushurutisha katika nia yake kwamba atatoka katika ihramu pale atakapozuiwa. Mjamzito mwenye ruhusa ya kusafiri anafanya vyema kuijua nia hiyo, na kujua pia kwamba Bi Ummu Salama (r.a.) alipolalamika maradhi aliruhusiwa kutufu akiwa amepanda mnyama. Saayi peke yake hupindukia kilomita tatu, kwa hiyo kiti cha magurudumu hakina aibu.

Likabaki la mume. Ndugu zake walimwambia aende peke yake, tiketi yake ni nzima, asiikatae baraka. Mkewe naye akasema, kwa sauti ya wanawake wetu wanapoficha kinachowauma: “Nenda, baba, mimi nitakaa na watoto.” Tulimkumbusha Sayyidna Uthman (r.a.). Vita vya Badri vilipowadia mwaka wa 2 Hijria, mkewe Bi Ruqayya (r.a.), binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa. Uthman aliamrishwa abaki amuuguze, na akahesabiwa fungu la ngawira na thawabu kama waliokwenda. Ikiwa Badri ilimngoja mgonjwa wa nyumbani, Umra yenye nafasi itangoja zaidi. Mume hakujibu kitu usiku ule. Alfajiri alikuja na pasi zote mbili.

Kiongozi wa msafara alizipeleka barua za daktari kwa wakala, na shirika likakubali kusogeza tarehe kwa ada na tofauti ya nauli. Tarehe mpya tuliipanga tukikaa chini na kalenda. Tiketi nyingi huishi mwaka mmoja tangu kutolewa, basi ndani ya mwaka huo tukatoa miezi ya mimba iliyobaki, tukatoa nifasi, ambayo kwa wengi ni siku 40 na kwa Imam Shafi huweza kufika 60, tukaacha nafasi ya mtoto kupata chanjo zake za mwanzo, cheti cha kuzaliwa cha RITA na pasi yake mwenyewe, kwa kuwa kichanga hasafiri kwa pasi ya mama. Nauli yake ni ndogo: aliye chini ya miaka miwili na asiyekaa kiti chake mara nyingi hulipiwa kiasi cha asilimia 10 ya nauli ya mkubwa. Hesabu hii ni ya Umra. Kwa Hija, Saudi Arabia ilitangaza kwa msimu wa 2025 kwamba watoto hawataruhusiwa kufuatana na mahujaji, kwa hiyo anayenyonyesha ana mpango mwingine wa kufanya.

Neno moja la chanjo. Ya homa ya uti wa mgongo inatakiwa kwa kila aendaye Hija au Umra, si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mjamzito hapewi ila kwa ushauri wa daktari. Mwambie muuguzi kabla hajashika sindano.

Msafara uliondoka bila wao. Wiki ile walipokuwa Madina, presha ya mama ilipanda na akalazwa siku nne, mumewe akilala kwenye benchi nje ya wodi. Binti wa Mlandizi ndiye aliyekasirika, na si kwa mimba ya mamaye, ila kwa kuwa alikuwa mtu wa mwisho kuambiwa. Alijifungua yeye kwanza, mvulana. Mama akafuatia, kabla ya wiki zake kutimia kwa kiasi kidogo, msichana mwenye afya, Alhamdulillah.

Juma lililopita walikuja na picha za pasi za mtoto. Mpigapicha alihangaika nusu saa akimngoja afumbue macho. Jina lake tumeliandika kwenye orodha ya msafara ujao, chini ya la mama yake, na kwenye fomu yetu tumeongeza mstari wa udhuru wa kiafya, unaojazwa na mwanamke mwenyewe na kukabidhiwa kwa mama mmoja wa kamati, ndani ya bahasha.