Mwaka Mmoja wa Kutembea Nchi Yetu

Katika mwaka wa 2024 wengi wenu mlituona tukipita stendi ya Korogwe na mizigo mgongoni, mkatuuliza kwa sauti ya chini kama tumefiwa. Hatuwalaumu. Kwetu, mume na mke wenye mvi wakionekana safarini pamoja, huwa pana maiti au pana harusi. Sisi wenyewe katika miaka 31 ya ndoa hatukupata kusafiri pamoja kwa sababu nyingine. Basi twapenda kuwaeleza mambo ya mwaka ule, mazuri na yale yasiyotupendeza.

Mmoja wetu alipostaafu ualimu, twaliketi mezani tukazigawa fedha za kiinua mgongo mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la kuezeka nyumba, la pili ada ya mtoto wa mwisho, na la tatu, lililo dogo kuliko yote, la kutembea. Walimu wenzetu mtatuelewa. Kwa miaka mingi tuliandika ubaoni ya kuwa Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895, na ya kuwa Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470, tukawaadhibu watoto waliosahau. Kumbe mlima ule tuliujua kwa dirisha la basi tu, na ziwa lile hatujalitia macho kabisa.

Twalianza na jirani yetu wa karibu. Tumeishi miaka 26 chini ya milima ya Usambara, tukaitazama kila asubuhi tunapofungua dirisha, lakini hatukuwahi kuipanda ila kwa kwenda kuzika. Mwezi wa Januari tulipanda gari Mombo, tukazunguka na kona za barabara ile hata Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Asubuhi yake twalikwenda kwa miguu hata Irente, mahali ambapo mlima umekatika ghafula kama ukuta. Tulipochungulia chini tuliona nchi tambarare yote ya Mkomazi, na barabara kuu imelala juu yake, nyembamba kama uzi, na mabasi yanatambaa kama sisimizi. Ndiyo barabara tuliyoipita mara nyingi mno, tukisinzia. Hatukusema neno kwa muda mrefu.

Siku ya pili tuliingia msitu wa Magamba, nasi tumevaa viatu vya Jumapili, maana hatukuwa na vingine. Hapo ndipo tulipojua jambo tusilolijua katika miaka 31, ya kuwa hatuwezi kutembea pamoja. Mmoja wetu huenda mbele kwa kasi kama anayewahi kengele ya shule. Mwingine husimama kwa kila kitu: mbega juu ya mti, kuvu juu ya gogo, majani asiyoyajua. Majina yetu tumekubaliana kutoyataja, basi tumwite mmoja Wa Mbele na mwingine Wa Nyuma. Njia ilipogawanyika, Wa Mbele alishika mkono wa kuume pasipo kutazama nyuma, na Wa Nyuma, asiyeona mtu, alishika mkono wa kushoto. Tulitafutana saa nzima kwa kuitana. Tulipokutana, kila mmoja alikuwa na maneno tayari, na viatu vya wote wawili vilikuwa vimekwisha.

Mwezi wa Februari tulikwenda mbali, hata Kitulo, katika nyanda za juu za kusini. Kutoka Chimala tulipanda njia iitwayo Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake, tukalala Matamba kwa baridi tusiyoizoea sisi watu wa Korogwe. Uwanda wa Kitulo uko juu kama mita 2,600, nao umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 2005. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Wakati wa mvua uwanda wote hufunikwa na maua, na katika hayo mna aina 45 za okidi. Mwongozi wetu alituonyesha mashimo madogo ardhini, akatuambia ya kuwa watu huzichimba okidi kwa ajili ya mizizi yake yenye viazi, nayo huuzwa hata Zambia, ambako hupikwa chikanda. Ua likichimbwa hivyo halirudi. Tukamwuliza kama wachimbaji ni watu wabaya. Akasema, “Hapana, ni watu wenye watoto.” Jibu hilo tumelikumbuka mara nyingi.

Mwezi wa Aprili mvua ilitufungia nyumbani, nao ndugu wakaitisha kikao. Walikuwa na neno juu ya lile fungu la tatu. Mpwa wetu alitaka pikipiki ya kufanyia kazi, na mzee mmoja aliyetulea sote akauliza kwa upole, “Ninyi mlikwenda Mbeya mkatazama majani?” Watu wakacheka, nasi tukacheka, lakini usiku hatukulala vizuri. Neno lake halikuwa la kipuuzi. Mtu aliyesomeshwa kwa mbuzi wa ukoo hawezi kusema fedha zake ni zake peke yake. Mwisho tulitoa sehemu ya fungu lile kwa pikipiki, tukabakiza sehemu, na kwa kupunguza huko tukafanya kosa tutakalolieleza sasa.

Mwezi wa Julai tulikwenda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Wapandaji wenye busara huongeza siku moja ya kupumzika Horombo, ili mwili uzoee hewa nyembamba, na safari yao huwa ya siku sita. Sisi tulilipia siku tano. Wa Mbele ndiye aliyeshauri hivyo, akisema kwamba miguu yetu ni ya watu wa milimani, tena fedha zimepungua.

Siku ya kwanza tulipita msituni hata Mandara, mahali pa mita 2,700. Siku ya pili msitu ulikwisha, tukatembea kati ya vichaka, tukaona ile miti ya ajabu yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi, hata tukafika Horombo, mita 3,720. Usiku ule Wa Mbele aliumwa kichwa wala hakusema. Asubuhi hakula, akasema ameshiba. Waongozi walikuwa wakitukumbusha “pole pole” kila hatua, naye alitii, na Wa Nyuma alishangaa sana kumwona akitii. Tulipofika karibu na mahali paitwapo Maji ya Mwisho, kamba ya kiatu chake ilifunguka. Aliinama kuifunga. Alijaribu mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, vidole vyake vikashindwa kufanya fundo ambalo amelifunga tangu utoto. Kisha akasimama akayumba kama mlevi, akatapika.

Mwongozi mkuu hakushauriana na mtu. Alisema sharti ashuke sasa hivi, kwa kuwa maradhi ya kimo yakimfanya mtu ayumbe, huenda maji yameanza kujaa katika ubongo, na kumwacha apumzike palepale ni kumngojea afe. Dawa ya kwanza ni kushuka. Kisha akamgeukia Wa Nyuma akasema, “Mama, wewe huna neno. Msaidizi wangu anaweza kukupeleka hata kileleni.” (Basi siri imetoka, tumeiacha, maana wanaotujua walikwisha kuitambua.)

Wa Nyuma aliutazama mlima. Palikuwa peupe, Kibo iko mbele yake na theluji yake, Mawenzi upande wa kuume, na kati yao ule uwanda mkavu anaokwenda mtu kama katika nchi isiyo na mwenyewe. Hakuwahi kuomba kupanda mlima huu; alifuata tu. Lakini katika siku zile mbili alikuwa amegundua ya kuwa miguu yake inauweza, na ya kuwa mwendo wake wa polepole, uliochekwa Magamba, ndio mlima unaoutaka. Akageuka akashuka pamoja na mumewe.

Tulipofika Mandara jioni ile, Wa Mbele alikuwa mzima kabisa. Alikula wali sahani mbili, akawasimulia Wazungu wawili habari za Korogwe. Laiti angalikuwa mgonjwa hata kesho yake! Twaandika hivi tukicheka, lakini siku ile hapakuwa na kicheko. Kutoka Moshi hata Same hatukusemezana katika basi. Kati ya Same na Mombo mmoja alisema, “Nilificha kichwa kwa sababu ya fedha zilizokwisha kulipwa.” Mwingine akajibu, “Ulificha kwa sababu ya kiburi.” Yote mawili yalikuwa kweli. Alipojibiwa hivyo hakubisha, na hilo lilikuwa jambo jipya nyumbani kwetu.

Mwezi wa Septemba tulivuka mpaka mara moja tu, pale Horohoro, kwenda Mombasa kwa harusi ya jamaa, tukaiona Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Joto lilikuwa jingi, na harusi ilikuwa ndefu.

Safari ya mwisho ilikuwa ya Kigoma, mwezi wa Novemba. Tulipanda gari moshi Morogoro, kwa reli ile ya zamani iliyofika Kigoma mwaka wa 1914. Tulipita Dodoma, tukapita Tabora, watu wakatuuzia asali dirishani. Kazi ya safari ya gari moshi ni kukaa na kutazama, na katika kazi hiyo Wa Mbele hana pa kutangulia. Tulizungumza kuliko tulivyozungumza mwaka mzima.

Lakini vumbi la njiani lilimletea kikohozi. Tulikuwa tumekusudia kwenda Gombe kuwaona sokwe, na sokwe wana damu iliyo karibu na yetu hata huambukizwa mafua na vikohozi vya wanadamu, nao huweza kufa kwavyo. Anayekohoa haruhusiwi kuwaendea. Tulikaa kitandani jioni tukifikiri la kufanya. Hapo Wa Mbele akasema, “Nenda wewe.” Wa Nyuma akamwuliza mara mbili kama amesema kweli.

Basi alfajiri mmoja alishuka Kibirizi akaingia mashua, mwingine akabaki ufukoni hata mashua ikapotea. Aliyebaki alikwenda Ujiji, akaona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka wa 1871, akarudi mapema akanunua migebuka.

Aliyekwenda alipanda vilima vya Gombe nusu ya siku, kwa mwendo wake mwenyewe, akisimama apendapo. Akaona sokwe jike ameketi kwenye kichuguu na mtoto mgongoni, akichomeka bua katika tundu, akilivuta na kulilamba mchwa. Jambo hilohilo ndilo Jane Goodall, aliyefariki mwaka wa 2025, aliloliona huko mwaka wa 1960, alipokuwa kijana wa miaka 26, na wataalamu waliokuwa wakisema kuwa mwanadamu peke yake ndiye atengenezaye zana wakalazimika kufikiri upya. Mwongozi alimweleza ya kuwa sokwe wa Gombe hupewa majina, na watoto hupewa jina lenye herufi ya kwanza ya jina la mama yao, ili ukoo usipotee. Mwalimu huyu akasema moyoni kwamba rejesta ya namna hiyo ingalimfaa sana katika darasa la wanafunzi 90.

Alirudi jua likizama. Samaki walikuwa wamekwisha kukaangwa, na mmoja mkubwa ameungua upande. Alisimulia hata saa nne ya usiku, na yule mwenzake aliyezoea kumkatiza alikohoa tu.

Fungu la tatu limekwisha zamani. Lakini tumeuza ng'ombe mmoja, na ndugu wamekwisha kujulishwa mapema safari hii. Mwezi wa Julai ujao Wa Nyuma atapanda tena Kilimanjaro, kwa siku sita, katika kundi la walimu wanawake wanne. Wa Mbele amekwisha kuulizia bei ya chumba Marangu, karibu na lango, mahali pa kumngojea.