Tapeti Zinapogonga, Pima Kwanza

Fungua boneti la Subaru Impreza yenye turbo au Mark II yenye injini ya 1JZ katika gereji yoyote kuanzia Tegeta hadi Mbagala. Mlio wa tik-tik-tik ukisikika juu ya injini, hukumu hutoka kabla spana haijashikwa: tapeti hizo. Mwenye gari hupewa njia mbili, aweke oili nzito au akaulizie injini ya mtumba Ilala. Huenda fundi akawa sahihi, lakini amehukumu bila kipimo. Na tapeti ni miongoni mwa sehemu za injini ambazo hesabu za darasa la saba zinatosha kuzikagua.

Kazi ya tapeti ni kupokea msukumo wa kemshafti na kuupeleka kwenye valvu ili ifunguke. Kemshafti huzunguka nusu ya mwendo wa kranki. Injini ikinguruma kwa mizunguko 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 400 kwa dakika, karibu mara saba kwa sekunde. Ikipandishwa hadi mizunguko 6,000, kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde.

Kati ya sehemu hizi lazima ibaki nafasi ndogo, kwa sababu chuma hurefuka kikipata joto. Valvu ya chuma yenye urefu wa milimita 100, joto lake likipanda kwa nyuzi 300 za Selsiasi, hurefuka kwa takriban milimita 0.36. Silinda hedi ya alumini nayo hutanuka na kufidia sehemu tu ya urefu huo. Isingeachwa nafasi, valvu isingefunga. Valvu ya ekzosi huchemka zaidi, ndiyo maana huachiwa nafasi kubwa zaidi. Kwenye 1JZ, nafasi hiyo ikipimwa injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa inayoingia, na 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosi.

Watengenezaji wana njia kuu mbili za kuilinda nafasi hiyo. 1JZ hutumia tapeti ngumu zenye kisahani cha chuma juu yake, ambacho mafundi hukiita shimu, na unene wake ndio unaopanga nafasi. Injini nyingine, kama Mitsubishi 4G63 za Lancer Evolution na Nissan SR20DET za Silvia, hutumia tapeti za haidroliki, zinazojirekebisha kwa oili. Subaru imepita njia zote mbili: EJ20 za turbo za mwanzo zilikuwa na haidroliki, za baadaye zikahamia kwenye tapeti ngumu. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni hili: injini hii ni ya aina gani? Tapeti ya haidroliki haipangwi kwa shimu, na tapeti ngumu haijirekebishi yenyewe hata ukiibadilishia oili mara kumi.

Ndani ya tapeti ya haidroliki mna pistoni ndogo, springi, gololi na chumba cha oili. Oili huingia, gololi huziba mlango nyuma yake, na oili iliyonaswa husimama imara kama chuma. Ukitaka kuona kwa nini, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze maji, ziba mdomo kwa kidole, kisha sukuma: halisogei. Acha hewa kidogo ndani, sukuma tena: linabonyea. Hewa ikiingia kwenye tapeti hutokea hivyohivyo. Tapeti hubonyea kabla ya kuifungua valvu, nafasi hupanuka, na chuma hugonga chuma. Nafasi kati ya pistoni ile na ukuta wake ni ya mikroni chache, nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo tope kidogo la oili chakavu linatosha kuikwamisha.

Hapa ndipo foleni za Dar es Salaam zinapoingia. Anayetumia saa mbili kwa kilomita 20 kwenda kazini anatembea kwa wastani wa kilomita 10 kwa saa. Akingoja kilomita 5,000 ndipo abadilishe oili, injini yake imefanya kazi saa 500. Gari lililokwenda umbali huohuo kwa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu limefanya kazi saa 63 hivi. Dashibodi inasoma sawa, lakini oili ya gari la foleni imekaa kwenye joto kwa muda wa karibu mara nane, tena injini ikizunguka polepole, wakati presha ya oili iko chini kabisa. Anayekesha na foleni ya Kilwa Road ahesabu na saa, si kilomita peke yake.

Uchunguzi uanze na kijiti cha oili. Ikipungua sana, pampu huvuta hewa. Ikizidi, kranki huichapa ikatoa povu. Ikinuka petroli, imepunguzwa uzito na mafuta yanayovuja toka kwenye silinda. Kisha sikiliza. Mlio wa sekunde chache gari likiwaka asubuhi si ugonjwa kwa injini ya haidroliki, kwa kuwa oili hushuka usiku. Unaopotea injini ikipata joto unaweza kutoka kwenye gasketi ya ekzosi inayovuja, au kwa Subaru, kwenye pistoni za silinda zenyewe. Kishindo kizito kinachokwenda sawa na mzunguko wa kranki, yaani kasi maradufu ya tapeti, kinaelekeza kwenye beringi za chini. Hapo zima gari.

Kisha funga geji ya presha ya oili penye swichi ya taa. Kanuni ya haraka kwa injini nyingi ni takriban psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, oili ikiwa ya moto, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Usiisubiri taa ya dashibodi, maana huwaka presha ikiwa imebaki psi chache tu. Presha ikiwa ndogo, tapeti mpya zitagonga kama zile za zamani. Tatizo liko kwenye pampu, chujio au beringi.

Oili nzito hunyamazisha kelele, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa nyuzi 100, oili ya daraja la 50 ni nzito karibu mara mbili ya ile ya 30. Huziba pengo lililolika, lakini gari likiwashwa huchelewa kufika kwenye turbo na kemshafti. Wanaomimina dizeli ili kusafisha injini wanafanya jambo baya zaidi: tope linalobanduka huenda kuziba chujio la pampu na kijitundu kinacholisha turbo.

Presha ikiwa nzuri, fungua kifuniko. Kwa tapeti ngumu, ingiza fila geji, yaani vibao vyembamba vya kupimia nafasi, injini ikiwa baridi. Tuseme valvu ya ekzosi ya 1JZ imesoma 0.42, na shimu ukiipima kwa mikromita ni 2.70. Unataka 0.30. Toa 0.30 kwenye 0.42, ubakiwe na 0.12, jumlisha na 2.70, upate 2.82. Shimu hizo hupanda kwa hatua za 0.05, kwa hiyo chukua 2.80, na nafasi itakuwa 0.32. Kwa haidroliki, bonyeza pistoni: iliyo nzima hukaza, mbovu hubonyea. Izamishe kwenye oili safi, isukumesukume hadi hewa yote itoke. Ikibaki laini, badilisha seti nzima pamoja na oili na filta.

Valvu inayostahili kuogopwa zaidi haitoi sauti. Kiti cha valvu kikilika, valvu huzama juu, nafasi hupungua hadi kwisha, na kelele hupotea. Isipofunga sawasawa, haipati pa kupeleka joto lake, na gesi ya moto huanza kuikata ukingoni. Injini ya turbo iliyoongezwa msukumo hufika huko haraka zaidi.

Ujuzi huu hauko mbali: chuo cha VETA Chang'ombe, wilayani Temeke, hufundisha ufundi wa magari, na fila geji, mikromita na geji ya presha kwa pamoja ni rahisi kuliko ovahoo moja. Fundi anayevitumia anastahili kulipwa kwa kupima, hata siku ambayo hakubadilisha kitu. Na mwenye gari, kabla hujakubali kununua tapeti wala injini, omba karatasi yenye mambo mawili: presha ya oili injini ikiwa ya moto, na nafasi ya kila valvu au hali ya kila tapeti. Asiyeweza kukuandikia hayo bado hajajua gari lako linaumwa nini.