Ujimbi una asili ya kale, lakini moto wake hauondoi sumukuvu

Msikilizaji, kila baada ya mavuno hapa Dodoma swali hili hurudi studio: pombe ilianza lini, na nani aliivumbua? Jibu ni kwamba mvumbuzi wake hajulikani, na pombe ni ya kale kuliko maandishi.

Mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa katika pango la Raqefet, karibu na mji wa Haifa nchini Israeli, walikuta kwenye vinu vya mawe mabaki ya pombe ya nafaka ya miaka 13,000 hivi iliyopita. Wakati huo watu walikuwa bado hawajaanza kulima. Nchini Misri, Februari 2021, ilitangazwa kuwa huko Abydos kimepatikana kiwanda cha pombe chenye umri wa miaka 5,000 hivi, kilichoweza kupika lita 22,400 kwa mpigo mmoja.

Nafaka yetu nayo ni ya kale. Mashariki mwa Sudan vimekutwa vigae vya vyungu vyenye alama za punje za mtama uliolimwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mtama na uwele huvumilia ukame, ndiyo maana vimekuwa mazao ya nyanda zetu, na Wagogo huvitumia kupika ujimbi.

Sasa, ni nini hutokea ndani ya chungu?

Kwanza mtama hulowekwa, hufunikwa mpaka uote, huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya, vitu vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana uji uliopoa ukitiwa kimea huwa mtamu, tukapata togwa. Kisha chachu hula ile sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa inayoleta povu. Wapishi waliijua kazi hii maelfu ya miaka kabla Louis Pasteur wa Ufaransa hajaonyesha, katika karne ya 19, kuwa uchachukaji huo ni kazi ya chachu iliyo hai.

Lakini ujuzi huo una mpaka wake. Wapo wanaosema nafaka iliyoota ukungu, isiyofaa tena kwa ugali, ipelekwe kwenye pombe kwa kuwa moto utaisafisha. Hilo si kweli. Moto huua kuvu wenyewe, lakini sumu waliyoiacha, yaani sumukuvu, haimalizwi kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi.

Kwa hiyo, mama unayepika pombe na baba unayeweka akiba ghalani, anikeni nafaka juu ya turubai, si kwenye udongo. Ikauke vizuri kabla ya kuiweka kwenye magunia. Chambueni punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Kimea nacho kianikwe mara kinapoota, kwa sababu kikikaa na unyevu huota ukungu. Kikiwa na ukungu, kitupwe. Msiwape kuku wala nguruwe, maana nao hudhurika.

Nafaka isiyofaa kwa ugali haifai kwa ujimbi.