Kipupwe na Fungu la Samaki

Kila ukifika msimu wa kipupwe, sokoni Mwanakwerekwe mimi husikia lawama ile ile: wachuuzi wa samaki wamepandisha bei. Nasema tuiulize bahari kwanza. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba, na nguvu zake huipiga pwani ya mashariki, huko Paje na Jambiani. Ngalawa hushindwa kuvuka mwamba kuwafuata jodari na nguru. Maji nayo hupoa: Machi huwa nyuzi 29 hivi, Agosti 25. Siku nyingi vyombo hulala pwani, samaki hupungua, bei hupanda.

Bei tutaistahamilia, linalonitisha ni jingine. Mvuvi aliyezuiwa na upepo hubaki ndani ya mwamba, penye majani ya bahari na matumbawe, ambapo changu na tasi wadogo hukulia. Akikokota juya humo, huwazoa samaki wa mwakani. Nasi tukilikimbilia fungu la vichangu kwa kuwa ni rahisi, tunamlipa arudi tena. Ndugu zangu, fungu hilo tuliache. Kipupwe hupita; kizazi cha samaki kikimalizwa, kaskazi haikirudishi.