Pizza na kebabu mpaka mlangoni: uliza jina kabla ya kuweka PIN

Kuna jioni ambazo jiko haliwashwi. Watoto wanataka pizza, mzee anataka kebabu na chipsi, na ile hoteli ya pale steji inaleta chakula mpaka nyumbani. Unapiga simu, unaagiza, kisha unaambiwa, "Sawa, tuma kwa hii nambari."

Hapo ndipo tunakuomba utulie kidogo. Pesa yako itafika kwa sekunde chache, lakini chakula kitachukua nusu saa au zaidi. Katika huo muda wa katikati, umeshatoa chako na bado hujapokea chao. Haya ndiyo mambo ya kufanya ili usilale njaa na mfuko mtupu.

Maliza oda kwanza, pesa baadaye

Usilipe kabla hamjaelewana bei yote. Hata jina la chakula linaweza kuwachanganya. Kebabu ya kwetu Kenya ni nyama ya kusaga iliyoviringwa, ikapakwa yai na kukaangwa. Lakini hoteli nyingine ikisema kebabu, inamaanisha nyama iliyofungwa ndani ya mkate, karibu na shawarma. Bei zake hazifanani hata kidogo. Uliza.

Halafu pigeni hesabu pamoja kwenye simu. Tuseme pizza ya kati ni shilingi 900, kebabu mbili ni 160, soda mbili ni 140 na boda ni 100. Jumla ni 1,300. Uliza pia: ile 100 ya boda inaenda kwa hoteli au unampa mwenye boda mwenyewe? Swali hili dogo linazuia kelele nyingi langoni.

Wakikutumia hiyo jumla kwa meseji au WhatsApp, bora zaidi. Inabaki kama ushahidi.

Usiulize nambari tu, uliza na jina

Ukiingiza nambari ya Till, simu hukuonyesha jina la biashara kabla hujamaliza kulipa. Wengi wetu hubonyeza tu kwa sababu njaa inauma. Shida ni kwamba jina hilo mara nyingine si lile lililo kwenye bango la hoteli. Huenda mwenye biashara alisajili Till kwa jina lake au kwa jina la kampuni. Sasa utajuaje kama ni wao ama umekosea tarakimu moja?

Jibu ni rahisi: wakikupa nambari, waulize, "Litatokea jina gani?" Wakikuambia, na jina lilelile likatokea kwenye skrini, endelea. Likitokea jingine, katisha hapo hapo na uwapigie tena. Pesa bado iko kwako.

Till, Paybill au nambari ya mtu?

Ukilipa kwa Till kupitia Lipa na M-PESA, wewe mteja hukatwi ada. Paybill inahitaji nambari ya akaunti pia, kwa hivyo uliza ni nini cha kuandika pale, na ujue unaweza kukatwa ada. Ukituma kwa nambari ya kawaida ya simu, ada hutegemea kiasi unachotuma. Na tangu 2022, mteja wa Airtel Money anaweza kulipa kwa Till ya M-PESA, kwa hivyo usikubali kuambiwa kwamba lazima uwe na laini fulani.

Kuna vibanda vya kweli vinavyopokea kwa simu ya mwenyewe, na hilo si kosa. Lakini kama hoteli ina Till iliyobandikwa ukutani kila siku, na leo unaambiwa "Till imeharibika, tuma kwa hii nambari yangu," sema utalipa chakula kikifika.

Ulipe lini?

Kama hoteli unaijua na umeshakula kwao, kulipa mapema ni haki. Pizza ikishaingia kwenye oveni haiwezi kuuzwa tena kirahisi ukibadilisha nia. Kama ni mara ya kwanza, au umeiona tu mtandaoni, omba kulipa mlangoni. Wakikataa kabisa, mnaweza kukubaliana nusu sasa, nusu ukipokea. Hapo kila upande una kitu cha kupoteza, na kila upande utatimiza.

PIN ni ya kutoa, si ya kupokea

Hoteli nyingine hukutumia ombi la malipo, likatokea lenyewe kwenye skrini yako. Lisome lote: jina ni lao? Kiasi ni 1,300, au kuna sifuri imeongezeka? Kama hukuagiza chochote na ombi limekuja, likatae tu.

Halafu kuna ujanja huu. Mtu anakupigia, anasema ni wa hoteli, umelipa zaidi na wanataka kukurudishia. Anakuomba uweke PIN "ili pesa iingie." Usiweke. Kupokea pesa hakuhitaji PIN, hata siku moja. Ukiweka PIN, kuna pesa inayotoka. Sisi pia hatutakuuliza PIN yako, iwe kwa simu, kwa meseji ama ana kwa ana.

Mlangoni

Fungua boksi kabla ya kulipa salio. Mwenye boda akiuliza kama ulishalipa, msomee ile nambari ya muamala iliyo mwanzoni mwa meseji. Usimpe simu aishike.

Na wewe unayeuza, sikia: usiamini picha ya skrini ya mteja, wala meseji aliyokuonyesha kwenye simu yake. Hizo hutengenezwa. Angalia meseji iliyoingia kwenye simu ya Till, au angalia salio. Meseji ya "umepokea" ikitoka kwa nambari ya kawaida ya simu, hiyo si malipo. Usitoe chakula.

Na ukikosea?

Kama umetuma kwa mtu asiyehusika kwa M-PESA, peleka meseji yote ya muamala kwa 456 mara moja. Usimalize kwanza kulalamika kwenye grupu la WhatsApp. Pesa ikishatolewa upande ule, kuirudisha huwa vigumu sana. Kama umelipa Till ya biashara nyingine, wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako ukiwa na nambari ya muamala. Na kama Till ni sahihi ila umelipa zaidi, anza na hoteli yenyewe, kwa sababu wao wanaweza kukurudishia.

Weka meseji ya malipo mpaka kila kitu kifike na kihesabiwe. Kebabu ikipungua moja, hiyo meseji pamoja na ile ya bei ndizo zitakazokutetea.

Mtumie makala haya yule wa nyumbani ambaye huwa anatumwa kulipa. Na leo ukiagiza, anza na swali moja: "Litatokea jina gani?"