Risasi isiyotoa mlio: hatari ya betri kuukuu majumbani Bukavu

BUKAVU – Ukitaja risasi katika mji huu, watu hufikiria bunduki. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, ni vigumu kufikiria kingine. Lakini Kiswahili hutumia neno hilo hilo kwa metali laini ya kijivu iliyo ndani ya betri za magari na za sola. Risasi hiyo nayo hujeruhi, ila kimya kimya.

Wanaojua silaha wanaifahamu tabia yake. Wapo walenga shabaha wa nchi za nje wanaomimina wenyewe risasi za bastola kwa metali hiyo tupu, na usumbufu wao mkubwa ni masalio ndani ya mtutu. Risasi ikiwa nyembamba kuliko tundu, gesi ya moto hupenya pembeni na kuyeyusha ukingo wake. Ikiwa laini mno au haikupakwa mafuta ya kutosha, husuguka na kuacha utando, na shabaha hupotea. Ndiyo maana risasi za kivita kwa kawaida huvikwa shaba.

Mtutu husafishwa kwa brashi. Mwili wa mtoto hausafishiki hivyo.

Bukavu hupata umeme wa mto Ruzizi, lakini hukatika mara kwa mara, na familia nyingi hutegemea sola na betri. Betri ikifa bado ina thamani, kwani zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Metali hiyo huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto linalofikiwa kwa urahisi na moto wa makaa. Mtu mwenye sufuria kuukuu anaweza kuiyeyusha uani, huku watoto wakicheza kando.

Matokeo yake yameonekana kwingine. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo betri zilikuwa zikichakatwa. Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza. Huumwa tumbo, hupungukiwa damu, huchelewa kujifunza. Sumu ikizidi, hupata degedege. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine, kipimo cha damu ndicho huthibitisha.

Kinga huanzia nyumbani. Usipasue betri, wala usimwage maji yake ya asidi uani. Iuze ikiwa nzima. Anayefanya kazi hiyo abadili nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe likapeperuka. Na sufuria iliyoyeyushia risasi, hata ikisuguliwa ikang'aa, isirudi tena jikoni.