Nafuu ya ushuru kwa wanaonunua nyumba

MKENYA anayenunua nyumba kwa mkopo ana haki ya kupunguziwa ushuru, lakini nafuu hiyo haimfikii asipoidai.

Sheria ya Ushuru wa Mapato inaruhusu riba ya mkopo wa nyumba iondolewe katika mapato kabla ya ushuru kukadiriwa. Kiwango cha juu kiliongezwa kutoka Sh300,000 hadi Sh360,000 kwa mwaka mnamo Desemba 2024. Hivyo basi, mfanyakazi ambaye sehemu hiyo ya mapato ingetozwa asilimia 30 huokoa hadi Sh108,000.

Hata hivyo, kinachohesabiwa ni riba tu, wala si mkopo wenyewe. Sharti mkopaji aishi katika nyumba hiyo, na hawezi kudai kwa zaidi ya nyumba moja.

Ada ya stempu nayo, ambayo mijini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, haitozwi anayenunua kwa mara ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Kwa nyumba ya Sh3 milioni, hizo ni Sh120,000. Anayenunua nje ya mpango huo hulipa.

Kwa hivyo, mnunuzi ahifadhi stakabadhi za riba kutoka kwa benki, aziambatishe anapowasilisha ripoti yake ya ushuru.